Siku za Kifungua Mimba Wetu

Jumapili, alasiri. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye meno machache niliyobakiwa nayo.

Shajara, sijakuandikia tangu Jumatatu. Ruthi, mke wangu, alifariki Jumatano. Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Inabaki vile vile.

Leo ni siku ya ngapi ya msiba? Shemeji Damari, mdogo wake Ruthi, anasema ni ya tano, na anahesabu kwa vidole mbele ya uso wangu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kompyuta yangu inasema nne. Wote wawili wako sawa, na mimi niliyekula mkate wa kuhesabu siku maisha yangu yote nimekaa barazani na blanketi mabegani, sijui nimsikilize nani.

Kwa wasomaji wapya (sijui mnatokea wapi, lakini mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu anadai mpo): mimi ni mzee mstaafu. Nyumba yangu iko juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Gare. Kazi niliyoifanya tangu ujana ni kuandika programu za kompyuta. Hapa huwa nalalamika kuhusu viazi, magoti, na vijana wanaoandika programu kabla ya kufikiri. Leo sina hamu ya kumsema mtu.

Nimechoka. Nimelia mpaka aibu imeisha.

Alhamisi mchana, nyumba imeshajaa watu, kinamama wanamenya viazi chini ya turubai, binti yangu Tumaini alinivuta chumbani. Tumaini ni mwalimu, mtu wa utaratibu, ndiye aliyepewa kuandika wasifu wa mama yake wa kusomwa siku ya mazishi. Macho yalikuwa mekundu lakini kalamu ilikuwa mkononi.

"Baba," akasema, "wiki iliyopita mama aliniambia, siku ukiandika habari zangu, andika watoto watano. Sisi tuko wanne. Nilidhani ni homa inasema. Alikuwa amechanganyikiwa?"

Nilikaa kitandani, upande wake Ruthi, bila kukusudia.

Mama yako hakuchanganyikiwa, nikamwambia. Alikuwa na akili zake zote mpaka dakika ya mwisho, hata kunifokea kuhusu soksi alinifokea. Kabla yako alikuwepo mwingine, wa kiume.

Tumaini ana miaka inayokaribia hamsini. Tangu azaliwe ameitwa kifungua mimba, amebebeshwa mizigo yote ya kifungua mimba, ada za wadogo zake watatu zimepita mikononi mwake. Alinitazama kama mtoto mdogo. Akauliza, kwa hiyo mimi si wa kwanza? Halafu akalia upya, na nadhani alilia kwa mambo mawili kwa pamoja.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana hata mimi nahitaji kuyaona yamekaa kwa mpangilio.

Ulikuwa mwaka wa yanga, ule mwaka wa njaa tulipokula unga wa mahindi ya njano mpaka watoto wakadhani ugali wa njano ndio ugali. Enzi za Ujamaa zimepamba moto. Huku milimani kila kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na kwetu siku yake ilikuwa Ijumaa. Balozi wa nyumba kumi alipita alfajiri kugonga milango, na ole wake mtu atakayekutwa amelala. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kijana wa Dar es Salaam, kwenye ofisi moja iliyokuwa na kompyuta kubwa kama darasa. Chumba chake kilipulizwa ubaridi kuliko Lushoto. Nje watu wanatiririka jasho, sisi ndani tumevaa masweta, na wenzangu wa pwani walitetemeka huku mimi Msambaa nikijisikia nyumbani.

Programu tuliziandika kwa penseli kwenye karatasi. Kina dada wakazitoboa kwenye kadi, tundu moja moja. Kadi zikalishwa mashine, nawe ukasubiri mpaka kesho yake kuambiwa umesahau koma. Vijana wa leo wakisubiri sekunde tatu wanasema mtandao umekufa. Nimesema sitawasema, samahani.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuhesabu likizo za watumishi. Mashine haijui Jumatatu wala Januari. Unachukua tarehe, unaigeuza kuwa namba: ni siku ya ngapi tangu siku fulani uliyoamua wewe mwenyewe kuwa ndiyo mwanzo. Basi kila siku ya dunia inapata namba yake, zinajipanga kama migomba kwenye mstari mmoja. Ukitaka kujua kipindi, unatoa namba ndogo kwenye namba kubwa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Ndivyo nilivyodhani. Mtu anaanza likizo Jumatatu, anamaliza Ijumaa. Toa, unapata nne. Lakini Jumatatu hakuwepo kazini, Jumanne hakuwepo, hivyo hivyo mpaka Ijumaa: hizo ni siku tano. Programu yangu iliwapa watumishi wote siku moja ya bure, na wala hakuja hata mmoja kulalamika. Aliyeliona kosa ni msimamizi wangu. Akaniita mezani kwake. "Wewe bwana, mtu aliyeondoka Jumatatu, hiyo Jumatatu yupo?" Hayupo, mzee. "Basi ihesabu."

Nikaongeza moja mwishoni mwa hesabu. Ilibadilishwa kadi moja tu katika bunda zima.

Nakumbuka nilicheka sana siku ile. Niliporudi likizo kijijini nikamsimulia Ruthi, mke mpya, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Akanishangaa. "Mnalipwa kwa hilo? Mtu akihesabu migomba yake, ataachaje kuhesabu mgomba wa kwanza?" Halafu akaenda kuinjika makande.

Mtoto alizaliwa Ijumaa. Simu ya maandishi ilinifikia Alhamisi iliyofuata: mke amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mchana ule niliwanunulia wenzangu wa ofisini soda, wakaniita Baba Fulani, tukacheka, msimamizi akaniruhusu niende nyumbani. Nikanunua khanga na kopo la poda. Kesho yake nikapanda basi, Jumamosi asubuhi nikawa Mombo, nikapanda mlima juu ya gari la mizigo, nimelikumbatia lile kopo lisimwagike.

Wakati nakunywa soda mtoto alikuwa ameshazikwa.

Sina la kuongeza hapo. Nimeishi na hilo nusu karne na bado sijapata maneno yake.

Sasa desturi ya ukoo wetu ni hii. Mtoto akizaliwa anakaa ndani na mama yake. Siku ya saba huogeshwa kwa maji ya moto, hutolewa nje, huonyeshwa mwanga, hupewa jina. Tangu hapo ni mtu wa watu. Akifa kabla ya siku ya saba hana jina, hana matanga; wanawake wanamzika wenyewe migombani, nyuma ya nyumba, na wanaume wanaendelea na kazi zao. Hatajwi. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, yule hayumo.

Wetu alizikwa migombani.

Nilipoingia ndani Jumamosi ile Ruthi alikuwa na homa ya uzazi, midomo imepasuka. Hakunisalimia. Aliniuliza swali moja. "Wewe ndiye mtu wa kuhesabu. Nimekaa naye siku ngapi?"

Mimi njia nzima kupanda mlima, baada ya kuambiwa habari pale Mombo na kijana wa kwetu, nilikuwa nahesabu. Ndivyo kichwa changu kilivyo, kikipigwa kinakimbilia namba. Ijumaa kwenda Alhamisi. Nikamwambia sita.

Akasema hapana, ni saba. Akazitaja. "Ijumaa alilia mpaka mama akasema huyu atakuwa mwinjilisti. Jumamosi alikataa ziwa la kushoto. Jumapili kengele ya kanisa ililia akafumbua macho. Jumatatu alipiga chafya. Jumanne homa ilinianza, akalala kwapani kwangu bila kusumbua. Jumatano alinishika kidole."

"Na Alhamisi?" nikauliza.

"Alhamisi ilikuwepo," akasema, akageukia ukutani.

Hatukubishana tena. Tulipata Tumaini, tukapata wengine watatu, tukazeeka. Watu wakiniuliza mimi, nasema wanne. Wakimuuliza yeye, anasema watano, na kwa kuwa ni nadra kuulizwa pamoja, hakuna aliyewahi kuona tofauti. Mimi nilijua. Nilimsikia mara nyingi, kwenye vikao vya kinamama, hospitali, hata kwa karani wa sensa aliyekuja hapa barazani. Watano, anasema, na karani anaandika, na mimi najifanya naangalia kuku.

Basi, Ijumaa alasiri kikao cha ukoo kikakaa, hapa hapa barazani, kumalizia mipango ya mazishi. Mwenyekiti ni kaka yangu Yonathani, mkubwa wetu, macho yamefifia lakini sauti bado inafika mtaa wa pili. Shikamoo zikapita. Ratiba ikasomwa. Tumaini akasimama na wasifu wake, na alipofika pale akasoma: marehemu alijaliwa kupata watoto watano.

Kaka akainua mkono. "Wanne."

Tumaini akasema, "Baba mkubwa, ni agizo la mama."

"Namheshimu mama yako. Lakini mtoto asiyetolewa nje hasomwi mbele ya kaburi. Hakufika siku ya saba. Tukianza kuwasoma hao, tutamaliza lini?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana namfahamu kaka. Yeye na marehemu mkewe, Mama Samweli, wana wawili kule migombani. Aliwaacha huko kwa kuitii desturi, hakuwataja hata siku moja, na watu walimsifu kwa uvumilivu. Akamwangalia Tumaini, akasema kwa sauti ya chini kuliko tulivyozoea, "Nikimkubali huyo, wangu niwaweke wapi?"

Kinamama wa viazi walisimamisha visu.

Halafu mtu fulani, sijui nani, akasema hili lina jibu. Kama mtoto alifika siku ya saba, desturi yenyewe inamkubali. Kama hakufika, basi. Na mwenye kuhesabu siku si tunaye hapa? Wote wakageuka kunitazama mimi. Mke wangu yumo ndani kwenye jeneza, nami natakiwa nifanye hesabu.

Nilileta kompyuta, sikujua nifanye nini kingine. Damari naye akaitwa, maana ndiye pekee aliyekuwepo siku ile na bado yuko hai. Alikuwa msichana wa shule wakati huo, amekuja kumsaidia dada yake. Akaeleza. Ijumaa alikuwa kwenye shamba la kijiji na wanafunzi wenzake, wakapalilia mpaka jioni. Alipofika nyumbani akakuta mtoto anazaliwa. Kuhusu Alhamisi hakuwa na shaka: ni siku ya soko Lushoto, wanawake walikuwa wanapita njiani na vikapu vya pea na kabichi, wakiitana. Maji ya kumwogeshea mtoto, atolewe nje, yalishapata moto jikoni. Akaenda kumchukua.

Hapo Damari akashindwa kuendelea, akajifunika khanga usoni.

Nikaweka tarehe. Ijumaa, Alhamisi. Kompyuta ikajibu 6, kama ilivyokuwa kichwani mwangu siku ile juu ya gari la mizigo.

Kaka akaomba jambo moja zaidi. Huyo mtoto alizaliwa kabla ya jua kuzama au baada? Kwa sababu jua likizama Ijumaa, usiku ule ni wa kuamkia Jumamosi, na mtoto ni wa Jumamosi. Hapo hata kwa vidole hafiki saba. Ni swali la haki. Mashine inaanza siku yake saa sita usiku, wakati hakuna mtu anayeona kitu; sisi siku zetu tunazihesabu kwa jua. Nimewahi kukesha kwa sababu ya jambo hilo hilo kwenye programu za watu wengine, wawili wanataja siku moja na kila mmoja ana yake.

Damari akatoa khanga usoni. Alikuwa amekasirika.

"Jua la wapi, kaka? Julai ile, ukungu wiki nzima! Shambani tulikuwa tunaitana kwa sauti ili tusipigane majembe. Nani aliliona jua likizama? Wewe uliliona?"

Watu wa kwetu wanajua ukungu wa Julai, hakuna aliyeweza kumpinga.

Basi ikabaki kwangu. Sita iko kwenye kioo, watu wananisubiri. Nikaangalia ile sita. Nikamkumbuka msimamizi wangu, meza yake, mawani yake, na swali lake: mtu aliyeondoka Jumatatu, hiyo Jumatatu yupo?

Mwanangu Ijumaa alikuwepo. Alilia mpaka bibi yake akamtabiria uinjilisti.

Jamani. Makarani wa serikali, madereva, matarishi, watu nisiowajua sura, wote niliwahesabia siku ya kwanza. Niliibadilisha kadi kwa mkono wangu. Halafu mwanangu nikamhesabu kwa kutoa. Na mwanamke aliyejua kuhesabu migomba alinitajia siku moja moja, na kila moja ilikuwa na mtoto ndani yake, nami nikamwambia sita.

"Ni saba," nikasema.

Kaka akauliza, "Mashine inasema saba?"

"Mashine inatoa. Nasema mimi. Siku aliyokuja nayo ni siku. Ni saba."

Kaka alishika fimbo yake, akasimama kwa shida, kijana mmoja akamshika kiwiko. "Fanyeni mnavyoona," akasema, akaondoka. Kwa watu wa nje hayo ni maneno mepesi. Kwetu mkubwa akisema fanyeni mnavyoona ujue hajakubali, na anaweza kusimama makaburini akakataa mbele ya mchungaji na watu wote. Tumaini aliniuliza kwa macho, afute au asifute. Nikatikisa kichwa. Usifute.

Usiku ule sikulala, wala siuelezi.

Jumamosi tukamzika Ruthi. Njia ya kwenda makaburini ni mteremko, ina utelezi, wabebaji walibadilishana mara nyingi na mmoja akavua viatu kabisa. Mchungaji akasali. Tumaini akapewa kipaza sauti. Alisoma alipozaliwa mama yake, shule, kisomo cha watu wazima alichofundisha jioni miaka ile ya Ujamaa, kwaya, ndoa. Mimi nilikuwa namtazama kaka. Amesimama upande wa pili wa kaburi, koti zito, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Marehemu alijaliwa kupata watoto watano," Tumaini akasoma. "Wa kwanza, wa kiume, hakuwahi kupewa jina. Aliishi siku saba."

Sauti yake ilikatika kwenye saba lakini aliitoa.

Nikasubiri. Kaka alivua kofia. Nikajua sasa anaanza. Hakuanza. Aliishika kofia kifuani mpaka wasifu ukaisha, akaivaa, akatupa udongo wake, akapandisha mlima bila kusema na mtu. Jioni hakuja kula.

Nililala nikijua nimempoteza mke na huenda na kaka, ndani ya wiki moja.

Leo baada ya ibada nilikaa hapa peke yangu. Nilikuwa nafungua kompyuta nikuandikie wewe, shajara, niliposikia fimbo kwenye mawe. Kaka Yonathani anatoka kwenye ukungu, hana mtu wa kumshika, kateremka ile njia mbaya peke yake na macho yale. Nilisimama nikamsaidia ngazi mbili za baraza. Shikamoo kaka. Marahaba. Akakaa. Damari akamletea chai ya maziwa, akaiweka kando.

Alianza yeye.

"Zakaria. Hiyo mashine yako imewaka?"

Imewaka, kaka.

"Yule wangu wa kwanza alikaa siku tatu, nne hivi. Huyo najua alikaa, mama yake alimzungumza." Alikuwa anasugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba. "Wa pili alizaliwa asubuhi. Jioni hayupo. Nilikuwa nimekwenda Kwai kupeleka viazi, nikarudi nimekuta wameshamaliza. Mama Samweli alikuwa akiniuliza huyo tumhesabuje, namwambia mama, huyo hata siku hakufikisha. Aliniuliza mpaka anakufa." Akanigeukia, ingawa najua hanioni vizuri. "Mashine inasema ngapi?"

Nikamuuliza tarehe. Haijui. Nikamwambia haina neno, kwa huyo tarehe yoyote itatoa jibu lile lile, maana ya kuja na ya kuondoka ni moja. Nikaiandika mara mbili, nikabonyeza.

Ikatoka sifuri. Niliiona mimi, yeye haoni kioo. Namba yoyote ukiitoa kwenye namba hiyo hiyo hakuna kinachobaki, na mashine haina kosa, ndivyo ilivyofundishwa na watu kama mimi.

Nikaongeza moja.

"Moja, kaka," nikasema. "Ni siku moja. Nzima."

"Moja," akasema.

"Moja."

Alirudia tena kwa Kishambaa, polepole. Kisha akalia. Sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba, hata kwa Mama Samweli mwenyewe. Alilia wazi, bila kujifunika, na mimi nikalia naye, wazee wawili barazani, Damari anatuchungulia mlangoni hajui aje au arudi.

Bado yupo hapa pembeni yangu ninavyoandika, fimbo magotini, chai imepoa. Kila baada ya kitambo anasema "moja". Ameniomba kesho tushuke naye migombani, nimwonyeshe wa kwetu alipo, naye anionyeshe wake wawili, kabla hajafa mtu wa mwisho anayejua. Nimemwambia tutakwenda, ukungu uwepo usiwepo.

Kesho ni siku ya sita tangu Ruthi aondoke. Ya sita, kompyuta iseme itakavyo.